Namna ya kukusanya data huria ya vitabu vya kukwea miamba: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. Nianzie wapi? Nikipiga picha kurasa za kitabu nitashtakiwa? Mbona gredi (alama za ugumu wa njia) nilizoandika jana leo zimebadilika zenyewe? Nimechoka kuyajibu moja moja kwa simu, na anayeuliza anastahili jibu zima kuliko vipande ninavyomtupia nikiwa kwenye matatu. Basi haya hapa, hatua kwa hatua.

Mifano yangu ni ya Afrika Mashariki: Mlima Kenya, Kilimanjaro, Rwenzori, Hell's Gate, Lukenya, Ololokwe. Ndivyo vitabu ninavyovijua, na ndivyo vinavyoniuma. Nakala nyingi ninazokutana nazo ziko kwenye makabati ya wazee waliokuwa wakikwea zamani, na mzee akifariki, sanduku la vitabu ndilo la kwanza kutolewa nje. Orodha nzuri iliyo wazi kwa kila mtu haitaokoa kila nakala, ila angalau itatuambia kilikuwepo nini na kipo wapi.

Tuelewane jambo moja kabla hujagusa kompyuta. Hatukusanyi maandishi ya vitabu. Tunakusanya habari kuhusu vitabu: kipi kilitoka mwaka gani, ni toleo la ngapi, kinahusu mwamba upi, kinatumia gredi za mtindo gani, na mtu akitaka kukisoma aende wapi. Wengi wanaoshindwa huwa wamelikosa hili siku ya kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye LibreOffice au Excel. Simu yenye Google Sheets inatosha kwa kuanzia, ila ukaguzi wa mwisho fanyia kwenye kompyuta.
- Vitabu visivyopungua vitano ambavyo unaweza kuvishika mkononi. Orodha za mtandaoni zitakuja baadaye.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino isikaribie kitabu cha mtu.
- Kamera ya simu, kwa ajili ya ukurasa wa jina la kitabu na mgongo wake tu.
- Mwenzako mmoja wa kukagua kazi yako. Usiliruke hili, nitalirudia chini.

Katika mwongozo huu, *mstari* ni ule unaolala kutoka kushoto kwenda kulia, na *safu* ni ile inayosimama kutoka juu kwenda chini.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Andika sentensi moja inayosema nini kinaingia na nini hakiingii. Yangu ilikuwa hivi: "Vitabu na vijitabu vilivyochapwa vinavyoeleza njia za kukwea miamba au milima nchini Kenya, Tanzania na Uganda." Kwa sentensi hiyo, kitabu cha picha za Mlima Kenya kimetoka. Ramani yenye maelezo ya njia nyuma yake imeingia. Jarida la klabu lenye makala moja kuhusu Lukenya lilinisumbua wiki nzima, mwishowe nikalipa jedwali lake pekee. Wewe amua vingine ukitaka, mradi uamue kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Hatua ya 2: Fungua majedwali matatu

Kosa la kawaida hapa ni kurundika kila kitu kwenye jedwali moja. Kitabu kimoja kinaweza kueleza miamba kumi, na mwamba mmoja unaweza kuwa ndani ya vitabu sita. Ukiwa na jedwali moja utaishia kuandika "Lukenya, Hell's Gate, Mlima Kenya" ndani ya kisanduku kimoja, na hakuna atakayeweza kuhesabu chochote.

Fungua hivi:

1. *matoleo*: kila toleo la kitabu mstari wake. Safu: kitambulisho, jina_kama_lilivyochapwa, wahariri, mchapishaji, mahali, mwaka, toleo, isbn, lugha, kurasa, mfumo_wa_gredi, vipimo, ushahidi.
2. *maeneo*: kila mwamba au mlima mstari wake. Safu: kitambulisho, jina, majina_mengine, nchi, kaunti_au_mkoa, ufikiaji.
3. *viungo*: safu tatu tu, yaani kitambulisho cha toleo, kitambulisho cha eneo, na kurasa ambamo eneo hilo limeelezwa.

Kitambulisho kiwe kifupi na kisicho na maana yoyote: T001, T002, E001, E002. Ukiweka mwaka au jina ndani yake, siku utakapogundua mwaka ulikosewa itabidi ubadilishe majedwali yote matatu.

Hatua ya 3: Shika kitabu, ndipo uandike

Fungua ukurasa wenye jina la kitabu, si jalada. Jalada mara nyingi hufupisha jina. Kisha geuza ukurasa huo uangalie nyuma yake: hapo ndipo huandikwa mchapishaji, mwaka, toleo, ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu) na kampuni iliyopiga chapa. Nakili herufi kwa herufi. Kitabu kikiandika "Ruwenzori", andika "Ruwenzori", hata kama leo sote tunaandika Rwenzori. Kitabu cha Osmaston na Pasteur cha 1972 kinaitwa *Guide to the Ruwenzori*, na mtu akikitafuta maktabani kwa tahajia ya leo anaweza kukikosa. Tahajia ya leo ina mahali pake kwenye jedwali la maeneo.

Safu ya *ushahidi* ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ndani yake unaandika ulijuaje: "nakala mkononi", "orodha ya maktaba", au "nimeambiwa". Mstari ulioandikwa "nimeambiwa" hauna aibu yoyote. Aibu ni kuuficha katikati ya mistari uliyoithibitisha.

Usichanganye mchapishaji na mpiga chapa. Klabu inaweza kuwa mchapishaji, na kiwanda cha Nairobi kikawa kimepiga chapa tu. Na usiandike jina la mtu binafsi anayemiliki nakala, wala mtaa anakoishi. Andika "mikononi mwa mtu binafsi" basi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mzee aliyekukaribisha chai hakukuomba umtangazie wezi rafu yake.

Hatua ya 4: Tenganisha matoleo

Hapa chukua muda. Mountain Club of Kenya, klabu ya wakweaji, ilitoa kitabu cha Mlima Kenya na Kilimanjaro katika matoleo kadhaa, na lile la 1981 lilihaririwa na Iain Allan. Anayeanza huona jina lile lile kwenye migongo miwili akaandika mstari mmoja. Ni kosa. Toleo likibadilishwa maelezo, ni mstari mpya. Likipigwa chapa tena bila kubadilishwa neno, ni mstari ule ule, na chapa mpya unaitaja kwenye safu ya toleo.

Mbona nasisitiza? Chukua Diamond Couloir, ule mfereji wa barafu wa Mlima Kenya ambao Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliupanda mara ya kwanza 1973. Barafu yake ya chini imeyeyuka sana tangu siku hizo. Maelezo ya vitabu vya zamani na ya vitabu vya karibuni yanazungumzia mahali palepale, lakini mlima umebadilika katikati. Ukiyabana matoleo katika mstari mmoja, unamnyang'anya mtafiti wa barafu ushahidi alioutaka, na unamwacha mkweaji kijana aamini njia ambayo haipo tena kama ilivyoandikwa.

Kitabu kisicho na mwaka usikibunie mwaka. Acha safu ya mwaka wazi, ongeza safu ya *mwaka_kadirio*, na utafute dalili ndani ya kurasa. Kikiitaja Tanganyika kama nchi iliyopo, kuna uwezekano mkubwa kiliandikwa kabla ya 1964. Kikikiita kilele cha Kibo "Uhuru", hakikuandikwa kabla ya 1961. Kikisema Hell's Gate ni hifadhi ya taifa, ni cha 1984 au baadaye. Kikiwa na ISBN, usikiweke miaka ya 1950. Dalili mbili tatu za namna hiyo zinakupa muongo, na mara nyingi muongo unatosha.

Hatua ya 5: Panga majina ya maeneo

Mlima mmoja huku kwetu unaweza kuwa na jina la wenyeji, jina la ramani ya kikoloni na jina la wakweaji. Ololokwe utaukuta pia kama Ol Donyo Sabache, na kila mwandishi ana tahajia yake. Mlima Kenya ni Kirinyaga. Kilele cha Lenana cha Mlima Kenya kilipewa jina na mkweaji Mackinder kwa heshima ya Olonana, laiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, kama kilele cha Batian kilivyoitwa kwa Mbatian. Chagua jina moja la safu ya *jina*, mengine yote yaweke kwenye *majina_mengine* ukiyatenga kwa alama ya |. Usitumie koma kutenga, koma ina kazi nyingine kwenye faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma.

Kwa vilele vya Mlima Kenya zingatia vipimo. Vitabu vya zamani hupima kwa futi: Batian utaiona ikiwa futi 17,058, vya sasa mita 5,199. Ni urefu ule ule. Safu ya *vipimo* iseme "futi" au "mita" kwa kila toleo, na usikibadilishe kilichochapwa.

Kuhusu safu ya *ufikiaji*, andika kwa uangalifu. Kuta za mwamba za Ololokwe zinajulikana kwa tumbusi wa Rüppell wanaotaga humo, na ardhi yake ni ya jamii. Andika kwamba idhini ya wenyeji inahitajika na kwamba kuna ndege wanaotaga. Usiandike alama za GPS za viota, hata ukizijua.

Hatua ya 6: Gredi ziandikwe kama maandishi, si kama namba

Hapa ndipo data nyingi hufia. Mimi mwenyewe nilikaa jioni tatu nikiingiza mifumo ya gredi na mifano yake, nikahifadhi, nikalala. Kesho yake kila 5.10 ilikuwa imegeuka 5.1. Kwa kompyuta hizo ni namba moja. Kwa mkweaji, 5.1 katika mfumo wa Marekani ni kama kupanda ngazi, na 5.10 ni ukuta unaohitaji vidole vilivyozoea. Sikuwa na njia ya kujua ipi ilikuwa 5.1 halisi, nikarudia vitabu vyote.

Dawa yake: kabla ya kuingiza chochote, chagua safu nzima ya gredi na ya ISBN, ziwekee muundo wa *Maandishi*. Na ukifungua faili la CSV kwenye Excel, usilibofye mara mbili. Fungua Excel kwanza, chagua kuleta data, kisha iambie safu hizo ni maandishi. LibreOffice hukuuliza yenyewe unapofungua. Jibu ipasavyo, usibonyeze tu Sawa.

Jambo la pili ni mfumo. Vitabu vya zamani vya eneo letu vina maneno ya Kiingereza kama Severe na Very Severe, vingine vina namba za Kirumi, vipya vina gredi za Kifaransa. "6a" ya Kifaransa si "6a" ya ufundi ya Uingereza. Ya Uingereza ni ngumu zaidi, tena kwa hatua kadhaa. Kwa hiyo gredi isiyotajiwa mfumo wake haina thamani. Kitabu karibu kila mara hueleza mfumo wake kurasa za mwanzo. Nakili jina la mfumo huo, na usimbadilishie msomaji gredi kwenda mfumo unaoupenda wewe. Ukitaka kulinganisha, fungua safu ya pembeni uiite *makadirio*.

Hatua ya 7: Kagua ISBN

ISBN za zamani zina tarakimu 10, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Tangu Januari 2007 zinatolewa za tarakimu 13. Kugeuza ya 10 kuwa ya 13 si kubandika 978 mbele tu. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya. Kwa mfano 0306406152 inakuwa 9780306406157: angalia 2 ya mwisho ilivyogeuka 7.

Ili kujua kama ISBN ya tarakimu 13 imeandikwa sawa, zidisha tarakimu kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, ujumlishe. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, iko sawa. Kwa mfano huo utapata 100. Ukiona kipande cha 9966 baada ya 978, kitabu ni cha Kenya. 9976 na 9987 ni Tanzania. 9970 ni Uganda. Ni njia nzuri ya kugundua kwamba umeandika mchapishaji wa London mahali pasipo pake.

Kitabu kisicho na ISBN ni kitabu kamili. Vijitabu vya vilabu mara nyingi havina. Acha wazi, usijaze sifuri.

Hatua ya 8: Jua usichoruhusiwa kuchukua

Jina la kitabu, mwaka, idadi ya kurasa, jina la mwamba, mfumo wa gredi: hizi ni taarifa tupu, na taarifa tupu hazina mwenyewe. Maelezo ya njia, michoro na picha ni kazi ya mtu. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kitabu cha 1981 hukiskani ukakiweka hadharani kwa sababu tu hakiuzwi tena.

Onyo jingine, na hili huwashangaza wengi: Ulaya na Uingereza zinalinda pia mkusanyiko wenyewe wa data, hata kama kila taarifa ndani yake ni huru. Kuchota orodha nzima kutoka tovuti ya mtu kunaweza kukuingiza matatani. Tovuti itumie kujua kitabu fulani kipo, kisha utafute kitabu chenyewe. Wikidata, hifadhi huria ya data mtandaoni, unaweza kuitumia bila hofu, maana data yake imetolewa kwa CC0, leseni isiyo na sharti lolote.

Hatua ya 9: Mwenzako akague

Mpe mwenzako mistari kumi aliyoichagua yeye, pamoja na vitabu vyake, ajaze upya bila kuona ulichoandika. Kisha linganisheni. Mkitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kusahihisha. Mara nyingi tatizo ni kwamba safu haikuelezwa vizuri, na kila mmoja aliielewa kwa namna yake. Baada ya hapo tumia OpenRefine, programu ya kusafisha data, kukusanya majina yanayofanana. Itakuonyesha kwamba una "Mountain Club of Kenya", "Mountain Club Kenya" na "M.C.K." ambazo ni klabu moja.

Hatua ya 10: Toa hadharani

Hifadhi kila jedwali kama CSV ya UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote). Andika faili la maelezo linalosema kila safu ina maana gani, mpaka wako ulikuwa upi, na nini unajua kinakosekana. Chagua leseni: CC0 ukitaka atumie yeyote bila sharti, CC BY ukitaka utajwe. Bila leseni, data yako haiko wazi hata kama kila mtu anaiona. Ipakie Zenodo, hifadhi ya data mtandaoni inayoendeshwa na CERN na haitozi kitu, upate DOI (kitambulisho cha kudumu) ya kila toleo la data yako. Nakala ya kazi inayoendelea iweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi faili, ili kila badiliko libaki na historia yake.

Mambo yakienda kombo

*Gredi zimegeuka namba au tarehe.* Usijaribu kuzirekebisha hapo hapo. Rudi kwenye nakala ya jana, weka safu kuwa maandishi, endelea kutoka hapo. Kama huna nakala ya jana, vitabu ndio nakala yako.

*ISBN inaonekana kama 9.78E+12.* Ni ugonjwa ule ule. Ukiwa hujahifadhi bado, badilisha muundo wa safu na tarakimu zitarudi. Ukiwa umeshahifadhi kama CSV, zimepotea. Na ISBN iliyoanza na sifuri ikabaki na tarakimu 9, rudisha sifuri mbele, kisha ukague hesabu.

*Jina la mtu, César Ollier, limekuwa CÃ©sar Ollier.* Faili ni la UTF-8 na programu imelisoma kwa mfumo mwingine. Lifunge bila kuhifadhi, ulifungue tena ukichagua UTF-8.

*Vitabu viwili tofauti vina ISBN moja.* Hutokea: mchapishaji alitoa toleo jipya akaacha namba ya zamani. Andika mistari miwili, ISBN ile ile kwenye yote, na ueleze kwenye *ushahidi*. Ndiyo maana hatutumii ISBN kama kitambulisho.

*Mchapishaji analalamika.* Mjibu upesi na kwa heshima, mwonyeshe kwamba umeorodhesha taarifa tu. Kama kweli kuna sentensi ya kitabu chake iliyoponyoka ikaingia kwenye safu, iondoe siku hiyo hiyo na umshukuru. Mmoja wa walionilalamikia hivyo alinitumia baadaye orodha ya vijitabu vinne ambavyo sikuwa nimewahi kuvisikia.

*Mwenye kitabu hataki kukiazima.* Ana haki. Omba kukisomea sebuleni kwake, nenda na penseli na jedwali lililochapwa kwenye karatasi, jaza mstari mmoja. Dakika ishirini zinatosha, na uliza kabla ya kuondoka kama kuna mwenzake mwingine aliyekuwa akikwea naye.